Faulo Zisikunyang'anye Ushindi: Mbinu za Kupigana MMA Bila Rafu

Machi 6, 2021, Petr Yan aliingia ulingoni Las Vegas akiwa bingwa wa UFC wa uzani wa bantam. Raundi ya nne alimpiga Aljamain Sterling goti la kichwa wakati Sterling ana goti moja chini. Sterling hakuweza kuendelea. Refa akamwondoa Yan, na mkanda ukafungwa kiunoni mwa aliyepigwa. Ilikuwa mara ya kwanza ubingwa wa UFC kubadilisha mikono kwa sababu ya faulo.

Wewe unayefanya mazoezi Homa Bay, Rongo au Mbita, jifunze kwa hasara ya Yan. Faulo nyingi hazitokani na roho mbaya. Mwili hufanya ulichouzoesha, na kichwa huja kugundua baadaye. Ndiyo maana kukariri orodha ya makatazo usiku wa kuamkia pambano hakutakusaidia. Zifanyie kazi mazoezini kuanzia wiki hii.

Kwanza uliza: sheria zipi?

MMA haina kitabu kimoja cha sheria duniani. Zinazotumika zaidi ni Sheria za Pamoja, zilizoanzia New Jersey, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. UFC hutumia hizo. ONE Championship ya Asia ina zake, na huko goti la kichwa kwa mtu aliye chini linaruhusiwa. IMMAF, shirikisho la dunia la MMA ya ridhaa, lina kanuni kali zaidi: hakuna kiwiko kabisa, hakuna goti la kichwa, hakuna kupinda kisigino cha mwenzako ili kuumiza goti lake.

Kwa hiyo ulichokiona kwenye simu usiku wa Jumamosi huenda ni marufuku kwenye pambano lako. Ukialikwa kupigana Kisumu, Nairobi au hapa nyumbani, mpigie mwandaaji na umuulize wazi. Viwiko vinaruhusiwa? Goti la kichwa tukiwa tumesimama je? Kufunga kisigino? Raundi ni za dakika ngapi? Mwambie akutumie kwa maandishi, hata kwa WhatsApp.

Jambo la pili la kuuliza: ufafanuzi upi wa mtu aliye chini? Hapa ndipo wengi huumia. Zamani, chini ya Sheria za Pamoja, ungeweza kuweka mkono sakafuni ukahesabika kuwa chini, na mpinzani asingeweza kukupiga goti la kichwa. Wapiganaji wakafanya hiyo kuwa hila: anainama, anagusa sakafu kwa kiganja, anajificha nyuma ya sheria. Tangu Novemba 1, 2024, sheria mpya inasema uko chini pale tu sehemu ya mwili isiyo mkono wala wayo inapogusa sakafu. Goti, paja, makalio, mgongo. Mkono hauhesabiki tena.

Si kila mahali wamehamia sheria hiyo. Wewe jilinde pande zote mbili. Ukiwa umeinama, usiuamini mkono wako ulioko sakafuni, linda uso. Ukiwa unayeshambulia, na mwenzako ameweka mkono chini, usirushe goti mpaka uwe umesikia kwa masikio yako, kwenye mkutano wa sheria kabla ya pambano, kwamba linaruhusiwa.

Kiwiko cha kushuka wima nacho kimebadilika siku hiyohiyo. Ni kile kinachotoka juu moja kwa moja hadi chini, ncha ya kiwiko ikitangulia. Desemba 5, 2009, Jon Jones alikuwa anamtawala Matt Hamill kabisa, akatumia viwiko hivyo, akaondolewa. Hadi leo hiyo ndiyo hasara pekee kwenye rekodi yake. Sasa pigo hilo limeruhusiwa panapotumika sheria mpya. Panapotumika za zamani bado ni faulo. Zoea kupiga kiwiko kwa mzunguko, kutoka pembeni. Kiwiko cha mzunguko ni halali kila mahali viwiko vinaporuhusiwa, na hutahitaji kukumbuka uko upande gani wa mwaka 2024.

Jua mchezo uliotoka nao

Ukianza MMA hapa kwetu, huenda umetoka kwenye mchezo mwingine. Na kila mchezo una faulo yake inayokusubiri.

Umetoka kwenye ndondi? Nyanza ina historia nzuri ya ngumi, na Conjestina Achieng wa Siaya aliitangaza duniani. Lakini bondia anapoingia MMA hukutana na mtu anayeinama kumkamata miguu. Ngumi aliyoirusha kwa ajili ya taya inatua kisogoni. Dawa yake ni hii: mpinzani akishusha kichwa, badilisha ngumi iwe ya kutoka chini kwenda juu, au rudi hatua na umsukume kichwa kwa kiganja. Fanya hivyo mara nyingi mpaka mkono ujue wenyewe.

Umetoka taekwondo au karate? Miguu yako ni mizuri, lakini angalia mambo mawili. Teke la ndani ya paja hupanda na kugonga kinena, hasa mwenzako akiwa amesimama mguu wa kushoto mbele na wewe wa kulia. Na mikono yako inaweza kuwa wazi, vidole vikielekea mbele kwa kupima umbali. Vidole hivyo ndivyo vinavyoingia machoni.

Umetoka kwenye mieleka au judo? Utatamani kushika nguo. Kushika kaptula au glavu za mpinzani ni faulo. Utatamani pia kumnyanyua mtu na kumshusha kichwa kikitangulia. Hilo ni faulo nzito, na linaweza kuvunja shingo. Mwangushe kwa mgongo au kwa ubavu.

Na kama hukutoka kwenye mchezo wowote, ila ulijifunza ugomvi mtaani au shuleni, una kazi zaidi. Kukanyaga aliyeanguka, kuvuta nywele, kuuma, kutema mate, kuchomeka kidole mdomoni na kuvuta shavu, kupiga kichwa kwa kichwa: vyote hivi ni marufuku. Mwambie kocha wako ukweli mapema ili akuangalie kwa karibu.

Kisogo: hapa usifanye mchezo

Hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo inayoua.

Oktoba 17, 2015, bondia Prichard Colón wa Puerto Rico alipigwa mara kwa mara kisogoni katika pambano huko Virginia, Marekani. Alilalamika kwa refa. Baada ya pambano ubongo wake ulivuja damu. Aliingia kwenye koma na hajarudi kuwa mtu yule aliyekuwa. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Sisi Wakenya tunajua kichwa ni nini. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, na Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Ngumi halali tayari zina hatari yake. Usiongeze za kisogoni.

Mipaka yake iko wazi. Anza utosini. Shuka katikati ya kichwa kwa nyuma, ukiacha upana wa takriban sentimita mbili na nusu kila upande wa mstari huo. Ukifika pale fuvu linapokutana na shingo, eneo linapanuka na kuchukua ukosi wote, upana wa shingo nzima. Kisha linaendelea kushuka juu ya uti wa mgongo hadi kwenye kifandugu. Usipige popote hapo, iwe kwa ngumi, kiwiko, goti au kisigino.

Pembeni ya kichwa, kuzunguka sikio, ni halali. Tofauti ni vidole viwili tu. Ndiyo maana zoezi lifuatalo ni la lazima.

Chukua kofia ya kujikinga ya mwenzako. Bandika utepe wa rangi kali kutoka utosini hadi chini, kisha mwingine wa kukingama ukosini. Mwenzako alale kifudifudi, wewe uwe mgongoni kwake. Piga polepole, kwa nguvu ya kubisha mlango tu, ukilenga mbele ya sikio na shavu. Kocha asimame akiangalia utepe. Kila ukigusa utepe, mnaanza upya. Mwenzako akishaanza kugeuza kichwa huku na huku, utaona ugumu wake, na utaona kwa nini marefa hutoa onyo mara nyingi katika nafasi hii.

Ukiwa mgongoni kwa mtu, mara nyingi kabali ni bora kuliko ngumi. Tumia ngumi mbili tatu za pembeni kumfanya ainue kidevu, kisha ingiza mkono shingoni. Kabali inayobana mishipa ya pembeni mwa shingo ni halali. Kushika koromeo kwa vidole na kulibana ni faulo.

Macho

Oktoba 25, 2025, Abu Dhabi, Tom Aspinall alikuwa anatetea ubingwa wa uzani wa juu wa UFC dhidi ya Ciryl Gane. Raundi ya kwanza haikuisha. Vidole vya Gane viliingia machoni, Aspinall akashindwa kuendelea, na pambano likatangazwa halina mshindi. Machi 2021 ilikuwa hivyohivyo kwa Leon Edwards na Belal Muhammad, mwanzoni mwa raundi ya pili. Watu wamefanya mazoezi miezi mitatu, halafu kidole kimoja kinamaliza kila kitu.

Sheria za Pamoja haziadhibu tu kidole kilichoingia jichoni. Ukiwa umesimama na ukanyoosha mkono wazi kuelekea uso wa mpinzani, vidole vikimtazama, hiyo tayari ni faulo hata kama hujamgusa. Refa atakuambia funga ngumi, au elekeza vidole juu. Mtii mara ya kwanza.

Namna ya kujirekebisha: unapopigana na kivuli, shika kitambaa kidogo kilichokunjwa ndani ya kila kiganja. Kikianguka, umefungua mkono. Fanya raundi tatu hivyo kila siku ya mazoezi. Baada ya muda ngumi itajifunga yenyewe kila unapopima umbali. Ukihitaji kiganja, kwa mfano kumsukuma mtu paji la uso, elekeza vidole juu angani.

Angalia pia glavu. Glavu za MMA zilizotengenezwa vizuri zina mkunjo unaosaidia vidole kujikunja. Zile za mtumba zilizochakaa hunyooka, na vidole hunyooka nazo. Ukinunua, ivae, legeza mkono kabisa, kisha tazama vidole vinaelekea wapi. Vikinyooka mbele, iache.

Na kata kucha. Za mikono na za miguu. Siku ya pambano refa atazikagua, na asipozikagua, zikate vilevile.

Kinena

Vaa kinga ya kinena kila sparingi, hata ile ya polepole. Ukiizoea mazoezini, hutaisikia siku ya pambano.

Upande wa kupiga, kosa kubwa ni kulenga katikati ya paja. Mpinzani akisogea kidogo tu, mguu unapanda juu. Lenga karibu na goti, kiganja kimoja juu yake. Na kabla ya kupiga, toka kidogo pembeni ili teke liende kwa mlalo badala ya kupanda. Ukiwa umechoka raundi ya tatu, punguza teke hilo kabisa. Mguu uliochoka haulengi.

Goti na teke kwa aliye chini

Rudi kwa Yan. Kinachowaangusha wapiganaji hapa ni kasi. Mtu alikuwa amesimama nusu sekunde iliyopita, sasa goti lake limegusa sakafu, na goti lako limeshaondoka.

Zoezi: mwenzako akushike kiunoni mkiwa mmeegemea ukuta. Awe anainuka na kupiga goti chini bila mpangilio. Wewe tazama goti lake kila mara kabla ya kurusha lako. Likiwa chini, sema kwa sauti, "Chini!" na upige mbavu kwa ngumi. Likiwa juu, goti la mwili au la kichwa. Kusema kwa sauti kunalazimisha macho yafanye kazi. Fanyeni kwa dakika mbili, pumzikeni, mbadilishane.

Mbavu za aliye chini unaweza kuzipiga goti. Marufuku ni kichwa. Kumkanyaga aliye chini pia ni marufuku.

Sasa kuna upande ambao watu husahau. Wewe uko chini kwa mgongo, yeye amepiga magoti juu yako. Naye yuko chini kisheria. Ukimpiga teke la uso kutoka hapo, wewe ndiye mkosaji. Anderson Silva, mmoja wa wakali kupita kiasi waliowahi kupigana mchezo huu, aliondolewa kwa teke la aina hiyo dhidi ya Yushin Okami mwaka 2006 huko Honolulu. Subiri asimame kabisa, magoti yakiwa hewani, ndipo umrushie. Akiwa amepiga magoti, msukume kifua au nyonga kwa nyayo.

Uzio, vidole, na mengine madogo yanayogharimu

Kuweka kiganja juu ya uzio wa kizimba si kosa. Kuufumbata kwa vidole ndiyo faulo, na vidole vya miguu vinahesabika. Mkono hushika uzio wenyewe unapohisi unaangushwa. Lifanyie mazoezi hili mkiwa mmevaa glavu kubwa za ndondi na mkisukumana ukutani. Glavu hizo haziwezi kushika kitu, kwa hiyo utajifunza kutumia nyonga na miguu kubaki wima.

Usipinde kidole kimoja kimoja cha mwenzako. Shika kifundo cha mkono.

Usitie kidole kwenye jeraha, wala usibane nyama au kuparura ngozi.

Usiteme kinga ya meno ili upate kupumzika. Refa akiona ni makusudi ataihesabu kuwa unakwepa pambano. Kumkimbia mpinzani muda wote nako ni faulo.

Usitukane. Usipige baada ya kengele. Usimpige mtu ambaye refa anamhudumia. Haya hayahitaji zoezi, yanahitaji kichwa kilichotulia.

Filimbi

Hakuna zoezi rahisi kama hili, na hakuna linalosahauliwa hivi. Kocha awe na filimbi wakati wa sparingi. Aipulize wakati wowote, hata katikati ya mapigo manne mfululizo. Wote wawili mnasimama hapohapo na kurudi nyuma hatua mbili, mikono ikiwa bado juu. Atakayepiga pigo moja zaidi, push-ups ishirini.

Hatua mbili nyuma na mikono juu. Zote mbili ni muhimu. Ukiacha kupiga lakini ukashusha mikono, mwenzako ambaye hakusikia atakuangusha.

Ukipigwa faulo

Usisimame kulalamika. Linda uso na uendelee kujitetea mpaka refa aingie kati. Pambano halisimami kwa sababu wewe umeumia, linasimama refa akisema. Wengi wameangushwa wakiwa wamegeuza uso kumtafuta refa.

Usilipize. Ukilipiza, wote mmekosa, na uwezekano ni refa ataona la pili.

Refa akisimamisha, tumia muda. Kwa pigo la kinena una hadi dakika tano. Hakuna zawadi ya kurudi baada ya sekunde thelathini. Tembea, pumua, chuchumaa, subiri maumivu yashuke. Ukimaliza dakika zako na bado huwezi, pambano litaisha.

Kwa jicho, usilisugue. Lifumbe, subiri daktari. Atakuuliza unaona nini, na jibu lako linaamua. Ukisema huoni, pambano linaweza kuisha papo hapo. Kwa hiyo sema ukweli kamili: kama kuna ukungu unaopungua, sema hivyo na uombe muda. Kama kweli huoni, sema huoni. Ubingwa wowote wa kaunti hauna thamani ya jicho lako.

Kuna uamuzi mwingine ambao ni wako peke yako. Machi 2, 2019, katika pambano la ubingwa, Jon Jones alimpiga Anthony Smith goti la kichwa Smith akiwa chini. Smith angesema hawezi kuendelea, huenda angetoka na mkanda. Akasema anaweza, akaendelea, akashindwa kwa pointi. Jones alikatwa pointi mbili na bado akashinda kwa wingi. Nami nampa Smith heshima zake. Lakini sikushauri umwige ikiwa kichwa kinazunguka. Ukiona mambo mawili mawili, au hukumbuki raundi ni ya ngapi, mwambie daktari.

Ukipiga faulo wewe

Rudi nyuma mara moja. Inua mkono, omba msamaha kwa ishara, nenda kona ya mbali na usimame hapo. Usishangilie, usibishane, usimwambie refa mwenzako anaigiza. Refa anaangalia kama ulikusudia, na unavyosimama sasa ni sehemu ya ushahidi.

Kisha fanya hesabu, kwa sababu mpango wako wa pambano umebadilika. Kila raundi mshindi hupata 10 na mwenzake kwa kawaida 9. Tuseme pambano la raundi tatu, umeshinda mbili na kupoteza moja: 29 kwa 28, umeshinda. Ukikatwa pointi moja, inakuwa 28 kwa 28, sare. Ukikatwa mbili, 27 kwa 28, umeshindwa ilhali ulimpiga mwenzako raundi mbili kati ya tatu. Kona yako lazima ijue hesabu hii. Ukishakatwa pointi, raundi iliyobaki haitoshi kuishinda kwa shida, inabidi umalize pambano au uishinde kwa mbali.

Mwenzako akishindwa kuendelea, mambo yanategemea refa aliona nini. Faulo ya makusudi: umeondolewa, yeye kashinda. Ya bahati mbaya mapema, kabla ya raundi mbili kukamilika katika pambano la raundi tatu: hakuna mshindi. Ya bahati mbaya baada ya hapo: wanahesabu kadi za majaji kama zilivyo. Kwa hiyo raundi ya kwanza na ya pili zishinde kwa uwazi, usiziache kwa mategemeo ya kumaliza kazi mwishoni.

Watu wako

Kona yako inaweza kukupotezea pambano. Mtu wa kona akiingia ulingoni kabla ya wakati, au akirusha kitu, wewe ndiye utaadhibiwa. Chagua watu wachache waliotulia. Binamu yako kutoka Ndhiwa mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa anaweza kukaa na mashabiki. Mpe kazi ya kurekodi video.

Mwambie pia kocha asipige kelele za kukuamuru upige pale ambapo yeye haoni goti la mwenzako limegusa sakafu. Anayeona ni wewe.

Baada ya pambano

Ukipigwa kichwani, halali au faulo, usilale peke yako usiku huo na usirudi kwenu Sindo au Kendu Bay nyuma ya boda. Mtu akuangalie. Kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno kuvurugika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: ukiona hata moja, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa Bay kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori pia. Usisubiri asubuhi.

Kabla ya kusaini

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Una haki ya kumuuliza mwandaaji amesajiliwa wapi. Muulize pia daktari ni nani na atakuwa ameketi umbali gani na ulingo, gari la wagonjwa litakuwepo au la, na refa ana mafunzo gani. Hudhuria mkutano wa sheria, uwahi, na uulize maswali mbele ya mpinzani wako ili wote mpate jibu moja. Asiyeweza kukujibu kuhusu daktari, usipigane kwake, hata akitaja pesa nzuri kiasi gani.

Na ninyi makocha wa Homa Bay na Migori, chagueni mwanafunzi mmoja katika kila kilabu awe refa wa mazoezi. Mpeni filimbi, mpeni sheria zilizochapishwa, na mumwache asimamishe sparingi bila kuogopa wakubwa. Anzeni na kipindi kijacho.